Kusahau Nako Kuna Sheria

Hotuba kwa klabu za wasomaji na waandishi chipukizi wa shule za sekondari

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliotenga siku ya mapumziko mje kukaa kwenye viti vya plastiki kwa ajili ya vitabu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mbona mnaitikia kama mmefunga? Haya.

Nimeombwa nizungumzie riwaya ya kisayansi ya vijana, hasa ile inayohusu kupoteza kumbukumbu. Nadhani mwenyekiti amenichagulia mada hii kwa makusudi. Anajua kwamba miswada ya hadithi za vijana hupita mezani kwangu, na anajua jinsi ninavyonung'unika nikiisoma. Basi ninung'unike hadharani leo. Mhusika mkuu anapata ajali ya bodaboda ukurasa wa tatu. Anaamka hospitalini, hajui jina lake, hamjui hata mama yake mzazi, lakini anaongea Kiswahili sanifu, anajua kutumia simu, na sura yake haina hata mkwaruzo. Sura ya mwisho anateleza ngazini, kichwa kinagonga ukuta, na kila kitu kinarudi, mpaka namba ya siri ya benki. Hadithi hiyo nimeisoma ikitokea Dodoma, nimeisoma ikitokea Mombasa, na nimewahi kuisoma ikitokea kwenye sayari ya Mirihi, ambako nako, sijui kwa nini, kulikuwa na bodaboda.

Sina ugomvi na bodaboda. Ninachogombana nacho ni kusahau kusikokuwa na sheria. Mwandishi anafuta anachotaka, anarudisha anapotaka, na msomaji anakaa hana la kubashiri wala la kuhofia. Hadithi ya kisayansi inaruhusiwa kubuni karibu kila kitu, ila ikishabuni inafungwa na ilichobuni. Ukiniambia katika dunia yako watu husahau, nitakuuliza wanasahau nini na wanabakiwa na nini. Halafu nitakuuliza jambo ambalo miswada mingi haijiulizi kabisa: hicho walichokisahau kimekwenda kwa nani? Kuna anayekibeba? Kuna anayefaidika kwa wao kutokuwa nacho?

Nianze na ubongo wenyewe, kwa sababu huko nako kusahau kuna sheria zake, na ni za ajabu kuliko mnazobuni.

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut huko Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kichwa. Alikuwa na kifafa kikali kilichoshinda dawa. Daktari William Scoville akamtoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kidogo kilichojikunja kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Wazazi wake aliwakumbuka, utoto wake aliukumbuka, kuongea aliongea vizuri na mizaha alikuwa nayo. Ila ukitoka chumbani ukarudi baada ya muda mfupi, kwake wewe ni mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akisafiri kutoka Montreal kwenda kumpima, alijitambulisha upya kila walipokutana, miaka nenda miaka rudi. Henry alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82, na ni baada ya hapo tu dunia ilipoambiwa jina lake kamili. Kabla ya hapo vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M.

Sasa sikilizeni hili. Milner alimpa Henry namba 584 aishike kichwani. Akatoka, akamwacha peke yake. Aliporudi baada ya kama robo saa, Henry alikuwa bado anayo. Aliishikaje? Alikuwa akiipiga hesabu bila kupumzika: 5 na 8 na 4 ni 17, toa 8 zinabaki 9, igawe 9 upate 5 na 4, ndiyo hiyo 584. Alikuwa ameishikilia kwa kutokuiachia. Muda mfupi baadaye, mawazo yake yalipovutwa kwingine, namba ilishapotea, na hata kwamba aliwahi kupewa namba hakukumbuka.

Kuna na jingine. Alipewa nyota iliyochorwa kwenye karatasi, akaambiwa aifuatishe kwa kalamu huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni mkifika nyumbani, mtaona mkono unavyogoma. Henry alifanya zoezi hilo kwa siku tatu. Kila siku, kwake, ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuliona. Lakini mistari ilizidi kunyooka siku hadi siku, mpaka mwenyewe akashangaa kwamba kazi iliyoonekana ngumu imekuwa rahisi. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari.

Mwandishi akiyajua hayo hawezi tena kuandika kwamba fulani "alipoteza kumbukumbu" akaishia hapo. Kumbukumbu ipi? Ya mambo yaliyompata, ya maarifa ya jumla, au ya mikono? Aliyeumia kichwani kwa kawaida hupoteza kipande cha muda kinachozunguka ajali yenyewe, na hutaabika kushika mambo mapya. Mtu kusahau jina lake na ndugu zake wote huku akili nyingine yote ikiwa timamu ni jambo adimu sana. Na pigo la pili la kichwa halimrudishii mtu chochote, linamwongezea madhara. Hilo la ngazini, tafadhali, tuliache likapumzike.

Niongeze kisa kimoja cha maabara kabla sijaenda kwenye kitabu, maana najua hapa wamo wanaotaka kuandika kuhusu mashine za kufuta kumbukumbu. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walichapisha jaribio la panya. Panya walifundishwa kuogopa mlio fulani, kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme mlio ulipolia. Hofu ikakaa. Baadaye walisikilizishwa mlio ule tena, na papo hapo wakachomwa, sehemu maalumu ya ubongo, dawa inayozuia protini kutengenezwa. Hofu ikafifia. Waliochomwa dawa ile ile bila kukumbushwa mlio, hofu yao ilibaki kama ilivyokuwa. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikiitwa, kwa muda inakuwa laini, na inabidi ihifadhiwe upya. Basi katika dunia ya kubuni iliyojengwa juu ya sheria hiyo, anayetaka kukufuta lazima kwanza akufanye ukumbuke. Mpelelezi anamkalisha mtu kitini anamwambia, "Nisimulie mambo yote kuhusu kaka yako," kwa upole, na chai mezani. Kijana anayetaka kuandika riwaya na haoni riwaya hapo, sijui nimsaidieje.

Twende kwenye kitabu. Kinaitwa The Giver, kimeandikwa na Mmarekani Lois Lowry, kikachapishwa mwaka 1993, na mwaka 1994 kikapata medali ya Newbery, ambayo ndiyo heshima kubwa nchini mwake kwa kitabu cha watoto. Kuna shule za huko zinazokifundisha darasani, na kuna wazazi waliodai kiondolewe kwenye rafu. Nitakisimulia karibu chote, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu azibe masikio sasa hivi.

Jonas ni mtoto wa miaka 11, anaishi katika jumuiya iliyonyooka kama sare ya shule siku ya kwanza. Kila familia ina watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wote wamegawiwa, hawakuzaliwa humo ndani. Watoto wadogo huvaa jaketi lenye vifungo mgongoni ili wajifunze kufungiana. Wakifika miaka 9 wanapewa baiskeli. Wakifika 12, mbele ya umati, kila mmoja anatangaziwa kazi atakayofanya. Hakuna njaa, hakuna vita, hakuna baridi wala jua kali. Hata vilima vimesawazishwa. Na ukisoma polepole unaanza kugundua, bila mwandishi kukuambia, kwamba hakuna anayetaja rangi ya kitu chochote. Jonas anarushiana tofaa na rafiki yake, na tofaa linabadilika angani kwa nukta moja, kisha linarudi kuwa kama lilivyokuwa. Analichukua nyumbani kulichunguza. Haoni kitu. Kurasa nyingi baadaye ndipo tunajua kwamba alichokiona ni wekundu.

Mnaona alivyofanya? Ametuandikia kitabu kizima ndani ya macho ya mtu asiyejua kuwa kuna kitu kimepungua. Hicho ndicho kipimo cha riwaya ya kusahau. Aliyesahau kweli kweli hajui kwamba amesahau, na hatembei akijisikitikia. Msomaji ndiye anayepaswa kuanza kuwashwa.

Siku ya kutangaziwa kazi, Jonas anarukwa. Halafu anaitwa mwisho, anaambiwa amechaguliwa kuwa Mpokeaji wa kumbukumbu. Anapewa karatasi moja yenye kanuni chache. Haruhusiwi kusimulia ndoto zake tena, ingawa familia zote husimuliana ndoto kila asubuhi. Haruhusiwi kuomba dawa ya maumivu yanayotokana na mafunzo yake. Na kanuni ya mwisho inasema anaruhusiwa kudanganya. Hiyo inamtetemesha kuliko zote, kwa sababu kuna wazo linamjia ambalo hawezi kulifukuza: vipi kama kila mtu mzima naye alipewa ruhusa hiyo hiyo kwenye karatasi yake? Mistari michache tu, na jumuiya nzima inaanza kunuka. Miswada yenu mingi ingetumia sura tatu na jasusi mmoja kufika hapo.

Anakwenda kwa mzee anayekuja kujulikana kwake kama Mtoaji. Mzee huyu amebeba kumbukumbu zote za binadamu za nyuma, vizazi na vizazi, peke yake. Wengine wote waliondolewa kumbukumbu hizo. Anaweka mikono mgongoni kwa Jonas na kumpitishia kumbukumbu moja moja. Ya kwanza ni theluji na kuteleza kilimani kwa kibao, na Jonas anarudi akiwa na furaha tupu. Zinafuata jua, bahari, na familia iliyokusanyika babu na bibi wakiwepo. Kisha kuvunjika mguu. Njaa. Uwanja wa vita na kijana anayeomba maji. Jonas anachechemea kurudi nyumbani, anakaa mezani na watu wanaomwuliza siku yake ilikwendaje, na haruhusiwi dawa wala haruhusiwi kusema.

Hapa ndipo jibu la swali langu, la kilichosahauliwa kimekwenda kwa nani, lilipo, na Lowry analitoa kwa mambo ya utawala, siyo kwa mahubiri. Wananchi wanaomba idadi ya uzazi iongezwe ili kuwe na vibarua zaidi. Wazee wa baraza wanakwenda kwa Mtoaji kuomba ushauri. Yeye ana kumbukumbu ya njaa, anawaambia wasifanye hivyo. Wanamsikiliza, wanaondoka. Hawamwulizi njaa ilikuwaje. Hawataki kujua. Wanachotaka ni faida ya kujua, mateso yake abaki nayo mtu mmoja kwenye chumba chenye vitabu. Mkisoma tena mtaona kwamba jumuiya ile haikupoteza kumbukumbu hata moja. Zote zipo. Zimekabidhiwa mtu mmoja, na sheria inasema zisipotee: Mpokeaji akifa au akitoka nje ya mipaka kabla ya kuzikabidhi, zinawarudia watu wote. Iliwahi kutokea miaka 10 kabla, kwa msichana aitwaye Rosemary aliyeshindwa kuvumilia mafunzo akaomba kuondolewa. Wiki zake chache za kumbukumbu zilipowamwagikia wananchi, jumuiya nzima iliyumba.

Kuondolewa. Katika jumuiya ya Jonas wazee huondolewa kwa sherehe, wavunja sheria huondolewa kwa adhabu, na watoto wachanga wasiokua vizuri nao huondolewa. Kila mtu anaamini ni kupelekwa Kwingineko. Baba yake Jonas ni mlezi wa watoto wachanga, mtu mpole kupita kiasi, ndiye aliyeomba kumleta nyumbani usiku mtoto Gabriel asiyelala vizuri ili amsaidie. Siku moja wanazaliwa mapacha wanaofanana, wa kiume. Kanuni hairuhusu wawili wanaofanana wawepo. Jonas anaonyeshwa mkanda wa kilichotokea. Baba anawapima uzito. Mwenye uzito mkubwa anapelekwa kulelewa. Mdogo anabaki. Baba anachukua sindano, anamzungumzisha mtoto kwa sauti ile ile ya kubembeleza anayoitumia nyumbani, anamchoma kwenye mshipa wa paji la uso huku akimwambia anajua kwamba inauma. Mtoto anatupa miguu, kisha anatulia. Baba anamweka kwenye boksi dogo, anafungua kijimlango ukutani, anateremsha, anamwambia kwaheri.

Jonas anatambua, kwa sababu mle ndani ya kumbukumbu za vita ameshaona mtu akitulia namna ile. Baba yake hatambui. Hana cha kulinganisha nacho. Na kwa maoni yangu hapo kitabu kinafika mahali ambapo vitabu vingi vya vijana haviendi: baba yule haandikwi kuwa katili. Ameondolewa kitu ambacho kingemfanya asite. Je, ana hatia? Nimesikia vijana wakilibishania hilo mpaka kengele inalia, na sijaona upande unaoshinda.

Nina malalamiko yangu juu ya kitabu hiki, msidhani nimekuja kukiuza. Moja ni kwamba hatuelezwi kumbukumbu zinasafirije kupitia viganja vya mikono, wala zinawezaje kuwafuata watu zikikosa mwenyewe. Hakuna waya, hakuna chembe, hakuna hata neno la kisayansi la kutudanganyia. Wenzangu wengine wanasema kwa hiyo hii siyo hadithi ya kisayansi kamwe. Mimi nalisamehe, kwa sababu sheria yenyewe, hata bila mashine, haivunjwi popote, na hadithi yote inazungukia juu yake. Afadhali sheria bila mashine kuliko mashine bila sheria.

La pili silisamehe kirahisi. Mtoaji anapomweleza Jonas kuhusu rangi, anataja kwa kupita kwamba zamani ngozi za watu zilikuwa za rangi nyingi tofauti, na kwamba leo zote ni sawa. Basi. Mazungumzo yanaendelea na mambo ya nywele na nguo. Msomaji wa kwetu anasimama hapo hapo na kuuliza: sawa na ya nani? Rangi gani ilibaki, na wale wengine walifanywa nini? Katika kitabu kinachohusu waliofutwa, hapo kuna kufutwa kukubwa kuliko kote na kumepitishwa kwa sentensi mbili. Pengine Lowry alikusudia iwe hivyo, watu wa jumuiya ile wasilione. Lakini mlango ule uko wazi, na miongoni mwenu kuna anayeweza kuupita.

Mwandishi mwenyewe aliwahi kueleza kitabu kilikotoka. Wazazi wake walikuwa wazee sana. Mama alikuwa kipofu lakini akili yake nzima, akitaka kusimulia maisha yake yote, hata ya uchungu, hata kifo cha binti yake Helen aliyefariki akiwa bado kijana. Baba mwili wake ulikuwa na nguvu ila kumbukumbu ilikuwa ikimtoka. Siku moja akitazama picha, baba akauliza yule dada yako mwingine alipatwa na nini? Ikabidi Lowry amwambie kwamba alifariki. Na haikuwa mara moja. Akaondoka akiwaza kwamba kuna raha fulani katika kutokumbuka, na kwamba labda ingewezekana kuwapa watu wote raha hiyo. Alilifuata wazo hilo mpaka mwisho wake, ndipo akakutana na yule baba mwenye sindano. Ninyi wenye babu na bibi wanaowaita kwa majina ya wajomba zenu mnaelewa ninachosema. Wakati mwingine bibi anayesahau msiba wake hulala usingizi mzuri kuliko sisi tunaomkumbushia.

Sasa kwetu. Kuna mtu atasimama kwenye maswali aniambie hizi ni habari za Marekani, Kiswahili hakina hadithi za kisayansi. Kinazo. Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka 1995, na ndani yake Dzombo anahukumiwa kurushwa angani ndani ya chombo ili afie huko, akakiendesha hadi dunia nyingine yenye utaratibu wake. Kwa hiyo njia imeshafyekwa, ni ninyi hamjaipita vya kutosha.

Na Mtoaji, mtu mmoja aliyebeba kumbukumbu za wengi, siyo mgeni pwani yetu. Muyaka bin Haji alikuwa malenga wa Mombasa, amefariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalikaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa hapo hapo Mombasa, akayakusanya, akiyajua pamoja na visa vilivyoyazaa, na akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika. Jaribuni kufikiria Sikujua angekufa miaka michache mapema, au angekasirika akaamua kunyamaza. Tungekuwa tunasema leo kwamba Mombasa ya wakati ule haikuwa na malenga mkubwa, na tungesema kwa kujiamini kabisa, kama baba yake Jonas. Mzee anayeamua kunyamaza: hiyo ni riwaya, na haihitaji hata roketi.

Au chukueni lingine, gumu zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Palipokuwa soko, Mkunazini, pana kanisa. Watumwa wenyewe na watoto wao hawakwenda popote, wameoa, wameolewa, wamezaa. Lakini pitia nyumba za mwambao ukiuliza, utapata wajukuu wa Waarabu, wa Washirazi, wa masultani. Mjukuu wa mtumwa utamtafuta sana. Kuna familia ambazo bibi mmoja ndiye anayejua, naye hasemi, na kila mtu mle ndani anaishi kwa raha juu ya ukimya wake. Simlaumu bibi huyo, alikuwa akiwakinga wajukuu na kebehi za watu. Ila kama mwandishi ananivutia sana. Yeye ni Mtoaji asiyekubali kutoa, na mjukuu wake wa kike mwenye miaka 15, aliyepata kifaa cha kusoma kumbukumbu za mwenziwe, anakaa kitandani akimtazama amelala. Sheria ya kifaa iwe ile ya panya: ili kuisoma kumbukumbu lazima uiamshe, na ukishaiamsha inaweza isirudi ilivyokuwa. Afanye nini? Sijui. Nisingekuwa na kazi nyingine ningeiandika mwenyewe.

Nimalize na mwisho wa The Giver, kwa sababu ndio unaozusha kelele nyingi. Jonas na Mtoaji wanapanga Jonas atoroke, ili kumbukumbu alizopokea karibu mwaka mzima ziwarudie watu, na Mtoaji abaki kuwasaidia kuzihimili. Jonas anasikia kwamba Gabriel naye ataondolewa kesho yake, kwa hiyo anatoroka kabla ya mpango kukamilika, mtoto nyuma ya baiskeli. Wanapita njaa na baridi mpaka kilima chenye theluji, na kitabu kinaishia wakiteremka, wakiona taa na kusikia kama muziki. Wamekufa? Wamefika? Vijana hugombana hapo. Lowry aliandika vitabu vingine vitatu vinavyoungana na hicho, cha mwisho mwaka 2012, kwa hiyo anayetaka jibu akavitafute.

Mimi swali hilo halininyimi usingizi. Ninalolitaka ni la upande wa pili wa mto, kule walikobaki. Jonas akishavuka, usiku ule ule, vita na njaa na wekundu vinawashukia watu ambao hawajawahi kusikia hata maumivu ya jino bila kidonge. Yule baba mpole yuko nyumbani. Anaamka. Anaijua sasa sindano ile ilikuwa nini, na anazo sura za wote aliowaambia kwaheri. Asubuhi ana zamu, na watoto wachanga wamelala wakimngoja. Katika vitabu vilivyofuata yaliyowapata watu wale yanaguswa juu juu tu. Siku hiyo ya kazi, kuanzia anapovaa viatu, ndiyo nataka mmoja wenu aniandikie. Kwa Kiswahili, katika dunia yenu wenyewe, na kwa sheria zenu. Miswada mpeni mwalimu wa klabu ataniletea, na tafadhali msiiandike kwa penseli.

Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Naona yule binti wa nyuma ameshanyoosha mkono tangu nilipowataja panya.